Vidonge vya Uyoga na Wasifu wa Mama

Niliambiwa nimeze kimoja asubuhi, halafu nikae siku mbili bila kugusa kingine. Maneno hayo niliyasikia vizuri. Hakuna aliyenidanganya, na hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu ningependa kuwa na mtu wa kumlaumu.

Aliyeniambia ni dereva wa kazini kwetu, Mkenya wa Nakuru, mtu wa miaka arobaini na kitu. Tunafua mashuka na taulo za hoteli. Yeye huzileta chafu na kuzirudisha safi. Mimi nasimama kwenye mashine ya kupiga pasi, ile ndefu inayomeza shuka upande mmoja na kulitoa upande wa pili likiwa limenyooka. Kelele ni nyingi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuongea. Miaka mitatu nimesimama pale, na wapo wenzangu ambao nadhani hawajawahi kusikia sauti yangu.

Mama alifariki kwetu Mpwapwa, wakati majani ya huku yanaanza kudondoka. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na kama ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Mazishi niliyaona kwenye simu, nimekaa kitandani huku ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, kwenye nyumba ya mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyenileta huku nikiwa na miaka kumi na saba. Picha ilikuwa inakatika. Naona jeneza, inakatika. Naona miguu ya watu, inakatika. Sauti ndiyo ilikuwa safi, na ndiyo maana nilimsikia vizuri mjomba, kaka yao mkubwa, akisoma wasifu wa marehemu.

Kwetu mtu hashushwi kaburini kabla wasifu wake haujasomwa: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua vipi, ameacha nani. Wa mama ulikuwa mfupi kuliko tangazo la usafiri lililoufuata. Mjomba alisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani na mcha Mungu. Akasema aliugua kwa muda mfupi. Akakunja karatasi.

Mama alipika uji na makande katika shule ya msingi ya kijijini kwetu kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa anaondoka nyumbani bado giza, na mikono yake yote miwili ilikuwa na alama za moto wa yale masufuria makubwa. Nusu ya watu waliosimama kaburini walikula chakula chake. Pia yeye ndiye aliyemuuguza babu miaka sita, babu akiwa hawezi kuinuka kitandani, akamgeuza, akamsafisha, akamlisha, wakati mjomba anakaa Morogoro na kuja Krismasi na kilo mbili za sukari. Hayo yote yalikuwa hayamo. Nilisikiliza mpaka mwisho nikidhani yanakuja.

Nilimwambia mama mdogo. Alikuwa jikoni na sare yake ya kazi, huwa anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alisikiliza amenipa mgongo, akaendelea kukata kitunguu muda mrefu kuliko kitunguu kilivyohitaji. Kisha akasema siku ya arobaini itafanyika ibada ya kumbukumbu hukuhuku, kwenye kanisa letu la Kiswahili, na itarushwa moja kwa moja nyumbani.

"Wewe ndiye mwanawe," alisema. "Utauandika wewe, na utausoma wewe. Kaka asikie, na wote waliokula uji wake wasikie."

Nilijibu sawa, mama. Mimi hujibu sawa kwa kila kitu.

Kuandika hakukunitisha. Nina darasa la saba tu, naandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine, lakini naandika. Nilitumia wiki mbili kupata kurasa mbili na nusu. Niliandika idadi ya masufuria. Niliandika kwamba mvua ya mwaka ule mbaya ilipobomoa jiko la shule, mama alipikia kwetu uani na watoto wakaja na vikombe vyao. Niliandika jina la ugonjwa wa babu na miaka yote sita, bila kumtaja mjomba, nikijua kwamba atajisikia kutajwa.

Kusoma ndiko kulikonitisha. Nilipofika huku mara ya kwanza, mchungaji aliniomba nisimame nijitambulishe kanisani, jina na ninapotoka, basi. Nilisimama. Koo likafunga kabisa. Watu hamsini wananitazama kwa upendo, na mimi natazama kiatu changu, mpaka mama mdogo akaitaja Mpwapwa kwa niaba yangu. Sasa nilijaribu kusoma kurasa zangu mbele ya binamu yangu, binti wa mama mdogo aliyezaliwa hapahapa. Yeye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nilifika kwenye mstari wa pili nikakwama. Aliniambia kwa Kiingereza chake, kwa upole, kwamba angenisomea yeye ila watu wangecheka anavyotamka. Ni kweli wangecheka.

Jumamosi moja nilikuwa namsaidia dereva kupakia magunia ya taulo. Aliniuliza mbona nimekonda. Sikukusudia kumwambia, lakini ndani ya gari mtu hatazamwi usoni, na mimi huweza kuongea na mtu anayetazama barabara. Nilimweleza habari ya wasifu na ya koo langu.

Alicheka kidogo. "Wewe Mbongo, mnajulikana kwa maneno mengi. Wewe ulitolewa wapi?"

Kisha akanieleza mambo yake. Alikuwa mlevi, alisema, mlevi wa kunywa ndani ya hili gari. Mke alimwacha akahamia kwa dada yake. Halafu kuna mtu alimwonyesha vidonge vya uyoga, uyoga ule wa kulewesha, lakini kiasi kidogo sana, kiasi ambacho hulewi wala huoni vitu. Alisema ni kama mtu amefungua dirisha kichwani. Sasa mwaka wa pili hajagusa chupa, na anazungumza na watoto wake kila Jumapili. Akatoa mfuko mdogo kwenye droo ya gari akanipa. Vilikuwa vidonge vya gamba angavu, ndani unga wa rangi ya udongo.

"Moja asubuhi," alisema. "Alafu siku mbili usishike hiyo kitu. Siku ya nne unarudi. Umenipata?"

Nikasema nimekupata.

Hakuwa yeye peke yake. Kumbe kazini ilikuwa siri ya wazi. Kijana wa bosi, ambaye baba yake, huyo bosi, ni Mhindi wa Tanga na wanaishi Markham kwenye majumba makubwa, alikuwa anavisema mezani wakati wa chakula kama mtu anayesema habari za vitamini. Yeye ndiye anayepanga njia za magari kwenye kompyuta. Alisema tangu ameanza anakaa saa nne nzima bila kuinua kichwa, na hata foleni ya barabara kuu haimkasirishi tena. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi yake, na alikitumia kwetu kwa furaha. "Mimi iko fresh kabisa," alisema. Tulicheka naye. Nilikuwa namtazama na kufikiri: mtu mwenye nyumba yenye bustani pande zote nne naye ana kitu cha kutibu.

Binamu yangu naye alikuwa amejaribu, chuoni, kipindi cha mitihani. Aliniambia jikoni siku nilipomwonyesha mfuko. Yeye tumbo lilimsokota, moyo ukamwenda mbio, na mchana wote alilia kwa sababu ya kikombe kilichoachwa kwenye sinki. Hakurudia tena. Aliniambia kila mtu na mwili wake, niwe mwangalifu. Nilisikia hiyo "kila mtu na mwili wake," na nikaamua kwamba mwili wangu utakuwa kama wa dereva.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka nilieleze bila kujitetea.

Kule kwetu zahanati ilikuwa na nesi mmoja mkali. Ukienda na malaria anakupa dawa kwenye karatasi iliyokunjwa, anakutazama machoni, anasema dozi haikatizwi. Ukiruka siku moja, wadudu wanazoea dawa, unarudi kwake na homa mara mbili, na anakutukana mbele ya foleni nzima. Mama alikuwa hivyohivyo. Alinihesabia vidonge kwenye kiganja. Nilikunywa vidonge vya rangi mbili mpaka cha mwisho hata baada ya kidonda kupona, kwa sababu mama amekaa mbele yangu. Kwa hiyo dereva aliposema siku mbili usiguse, niliona ni uzembe wa Wakenya. Niliwaza kwamba dawa gani hiyo ya kuruka siku. Sikumuuliza. Kuuliza ni kuongea. Nikaanza kumeza kila asubuhi, na chai, kama dozi.

Siku ya kwanza sitaisahau. Mashuka meupe yaliyokuwa yanatoka kwenye mashine yalikuwa meupe zaidi ya siku zote, na mvuke wake ulinifanya nitabasamu. Kwenye kituo cha basi nilimsalimia mama mmoja Mpakistani wa jengo letu, ambaye tumesimama naye pale miaka mitatu bila neno. Aliitikia. Tukazungumza habari ya baridi, dakika nzima. Nilipanda basi nikiwa na furaha kama mtu aliyepewa pasi yake ya kusafiria.

Siku ya pili furaha ilikuwa nusu. Ya tatu ilikuwa robo. Baada ya wiki nilikuwa nakunywa chai tu. Niliona basi dozi ni ndogo, nikaongeza, viwili kila asubuhi. Furaha ikarudi kidogo, ikaondoka. Nikafika vitatu. Navyo vikawa kama unga wa muhogo. Sikuona chochote, sikusikia chochote, na nikajiambia sasa nimejua kipimo changu: mimi ni mtu wa vitatu. Kisha mfuko ukaisha.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya ibada. Niliona aibu kumwambia dereva kwamba nimemaliza, kwa sababu alinipa vya miezi miwili. Nikakaa hivyo. Nilisoma kurasa zangu peke yangu bafuni, nikiwa nimefungulia maji, na zilikuwa zinasomeka vizuri. Nilisoma mbele ya binamu, koo likafunga tena.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda Parkdale, upande wa pili wa mji. Kule kuna duka la uyoga kabisa, lina kibao na picha ya uyoga mwekundu dirishani. Watu husema ni haramu kisheria, na polisi huja wakalifunga, kisha linafunguliwa tena wiki ileile kama duka la soda. Nilipita mbele yake mara tatu. Mara ya nne nilimfuata mama mmoja mzee mwenye kigari cha kubebea vitu, nikaingia nyuma yake kama mjukuu wake.

Muuzaji alikuwa msichana wa rika langu, mchangamfu. Nilinyoosha kidole kwenye vidonge vilivyofanana na vyangu. Akaniuliza kitu kwa Kiingereza cha haraka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kingine, akinyanyua vikopo viwili vinavyofanana, kimoja kila mkono, akitikisa cha kulia. Nikasema ndiyo. Alitabasamu, akanipa cha kulia. Mpaka leo sijui aliniuliza nini. Naweza kukisia kwamba ni habari ya kipi kina nguvu zaidi. Nilikuwa nimesimama pale, nyuma yangu wamekuja watu wawili, na nilichotaka ni kutoka nje.

Jumapili ibada yetu huanza saa nane mchana, baada ya wenye kanisa kumaliza yao na kutuachia. Nilifunga asubuhi ile, kama mama alivyokuwa akifunga kabla ya jambo kubwa. Saa sita nilimeza vitatu na chai ya rangi. Mama mdogo alikuwa ananyoosha kola yangu. Aliniambia, "Leo mama yako anatajwa sawasawa," na mimi nikasema sawa, mama.

Kwenye basi la pili nilianza kusikia miguu yangu iko mbali. Niliwaza ni njaa. Kwenye ngazi za kanisa zulia jekundu lilikuwa linapumua, taratibu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Sikuogopa, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kama ningeogopa ningekaa chini na kumwambia mtu. Koo langu lilikuwa wazi kama mlango. Nilikaa mstari wa mbele, nikawatazama watu wote usoni mmoja mmoja, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, na nikawapenda.

Nitaeleza kwanza nilivyoona mimi.

Niliitwa. Nilikwenda mbele bila kujikwaa. Simu ilikuwa imewekwa kwenye kijiti chake, ikirusha nyumbani. Nilifungua karatasi zangu na kuanza. Nilisoma alipozaliwa, nikasoma shule aliyoishia, nikasoma masufuria. Nilipofika kwenye jiko lililobomoka nilikuwa nasikia harufu ya kuni mbichi. Nilisoma miaka sita ya babu, nikamtazama mjomba kwenye simu, na nikaona ameinamisha kichwa. Mama alikuwa amesimama upande wa kinanda na mwiko wake mkubwa wa mti. Alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza redio, kichwa upande. Nilimaliza, watu wakaanza kuimba, mama mdogo akaja akanishika kiwiko akanirudisha kwenye kiti. Nilikaa nikiwa nimeshiba. Niliwaza nimeweza.

Sasa nitaeleza kilichotokea, maana nimekiona kwenye video mara nyingi kuliko inavyofaa.

Kijana anakwenda mbele. Anafungua karatasi. Anasema, "Marehemu alizaliwa Mpwapwa." Ananyamaza. Anapapasa karatasi kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. Anatabasamu. Anasema tena, "Marehemu alizaliwa Mpwapwa." Ananyamaza muda mrefu sana. Mtu mmoja nyuma anasema pole, baba. Kijana anamtazama yule mtu, anacheka, kicheko kidogo cha chini, cha mtu aliyefurahishwa. Anageuka upande wa kinanda, ambako hakuna mtu, na kutikisa kichwa kama anayekubaliana na kitu. "Marehemu alizaliwa Mpwapwa." Hapo akina mama wanaanzisha wimbo. Kwetu ndivyo msiba unavyomfunika mtu aliyezidiwa: mama mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na aliyezidiwa anaondolewa chini ya wimbo bila kuaibika. Mama mdogo anaingia kwenye picha. Anamshika kiwiko. Kijana anaondoka akitabasamu.

Ni dakika nne na nusu. Ilirushwa moja kwa moja, kwa hiyo hakukuwa na wa kuizuia.

Kanisani walidhani ni uchungu. Walinikumbatia, wakaleta pilau nyumbani siku mbili mfululizo, mzee wa kanisa akaniambia hata yeye alipofiwa na baba yake alicheka kaburini. Kama mambo yangeishia hapo ningeweza kuishi nayo. Lakini binamu yangu ni mkweli, ndivyo walivyomfundisha huku, na mama yake alipomuuliza kama naumwa kichwa, alimwambia vidonge. Siku ya tatu mama mdogo aliniita jikoni.

"Ulivuta bangi ukaenda kumsoma dada yangu."

Nilimwambia si bangi, ni uyoga.

"Uyoga," alisema. "Mama yako alikuwa anachuma uyoga porini kila masika tangu tukiwa wasichana. Alikula uyoga maisha yake yote. Hakuwahi kucheka kwenye msiba wa mtu."

Hakupandisha sauti. Alikuwa amevaa sare, anakwenda kuogesha wazee. Nilitaka kumweleza nilivyomwona mama karibu na kinanda, na nilijua kwamba nikisema hivyo sitaeleweka milele, kwa hiyo nilimpisha apite mlangoni. Hapo koo lilikuwa limerudi kama zamani.

Dereva nilimweleza garini. Nilikuwa nimeandaa maneno makali wiki nzima. Nilimwambia amenipa sumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegesha gari pembeni, jambo ambalo hafanyi kamwe tukiwa na mzigo.

"Nilikwambia siku mbili usishike," alisema. "Wewe ulifanya aje?"

Nikamwambia nilimeza kila siku. Nikamweleza nesi, wadudu, dozi haikatizwi. Alianza kucheka, cheko lile la kwikwi, kisha akaniona uso wangu akaacha.

"Hiyo si malaria, buda," alisema. "Ukikula kila siku mwili unazoea, haisikii kitu. Alafu ukaacha wiki mbili, mwili ukasahau. Alafu ukaenda ukabeba tatu, za duka, na tumbo tupu. Mimi hata nikiwa mlevi singefanya hiyo."

Tulikaa pale taa za hatari zikiwaka na kuzima. Akasema pole kuhusu mama. Alisema kwa dhati, na mimi nilimchukia kwa muda, kwa sababu yeye vidonge vilevile vimemrudishia watoto wake wa Jumapili. Kijana wa bosi aliposikia, sijui kwa nani, alinipiga bega kirafiki na kusema labda mwili wangu haukukubali, na akarudi kwenye kompyuta yake kupanga njia. Yeye hakuwa na marehemu wa kumsoma. Vikimkosea siku moja, gari litachelewa hotelini.

Nimefikiri sana kwa nini kitu kimoja kimjenge huyu, kimtie huyu kwenye kilio cha kikombe, na mimi kinipe jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona huku kikiniharibia lile moja nililokuwa nalitaka. Najua tu kwamba wao walivitaka kwa ajili ya siku za kawaida. Mimi nilivitaka vinibadilishe niwe mtu mwingine kwa zile dakika saba za kusoma, na vikafanya hivyo.

Mjomba alipiga simu kwa mama mdogo. Nilisikia kupitia ukutani. Alisema kijana amevurugwa na Ulaya, kwake nchi zote za baridi ni Ulaya, na kwamba ni vizuri wao walishamsoma marehemu kwa heshima siku ya mazishi, kwa hiyo hakuna kilichopungua. Mama mdogo, ambaye wiki zote hizo alitaka kaka yake asikie, alijibu, "Ni kweli, kaka." Hilo ndilo nililomfanyia. Nilimfanya aseme ni kweli.

Nilisubiri mwezi upite. Nikamwomba mama mdogo tumwambie mchungaji anipe dakika chache Jumapili yoyote, nisome kurasa zangu bila kitu mwilini. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Ibada ya mama yako ilishafanyika," alisema. "Ulikuwepo."

Kwa hiyo nilifanya nilichoweza. Siku moja mchana, wenzangu wakiwa wanakula na mashine zimezimwa, nilisimama katikati ya mashuka na simu mkononi. Hakukuwa na mtu. Nilisoma kurasa zote mbili na nusu, polepole, kila sufuria, jiko lililobomoka, vikombe vya watoto, miaka sita ya babu mwaka kwa mwaka. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja. Nilijisikiliza kuhakikisha, kisha nikamtumia mjomba, na chini yake nikaandika kwamba huu ndio wasifu wa mama, naomba awasikilizishe ndugu.

Rekodi ilikuwa ya dakika saba. Jibu lake lilikuja kabla dakika moja haijaisha. Alikuwa ameandika: "Pole sana mwanangu. Endelea na matibabu."